Wito Usio na Nauli

Itimiapo tarehe 5 Oktoba, siku ambayo tangu 1994 ulimwengu huadhimisha lile Pendekezo la mwaka 1966 juu ya hadhi ya walimu, sisi wastaafu wa Dodoma huvishwa fulana na kuketishwa juani, katika mwezi ambao jua la Ugogo haliheshimu mvi wala shahada, tukimngoja mgeni rasmi, ambaye aghalabu ni mwanafunzi wetu wa zamani, na si katika wale waliokuwa wakiwahi namba.

Naye akishawasili hutamka kwa taadhima kwamba ualimu ni wito. Na waama, aliyeitwa, kwa adabu zetu, haulizi nauli. Kisha humtaja Nyerere, ambaye taifa zima lingali likimwita Mwalimu ilhali aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aishughulikie TANU, nasi tulio makini hufahamu kwamba lakabu hiyo hunoga zaidi kazi yenyewe ikishaachwa.

Mwisho hugawiwa vyeti. Changu kilikuwa na makosa mawili ya tahajia, moja katika jina langu. Nikayazungushia wino mwekundu, nikaandika arobaini kwa mia, nikamrudishia mgeni rasmi akarudie.