Kobe Mwenye Miiba: Mwongozo kwa Wasiojua

Kwanza kabisa, usimchanganye na fisi. Sisi tuliokulia Guta (kijiji cha Bunda, si ile pikipiki ya miguu mitatu inayobeba saruji) tulisimuliwa hadithi jioni, dagaa wakiwa wameshaanuliwa, na mbaya wetu alikuwa fisi: mlafi, mjinga, mwisho wa yote anachekwa. Kobe alikuwa mtu wa heshima zake. Anakwenda taratibu, anafikiri, sungura anashindwa. Sasa mpwa wako akija likizo kutoka ughaibuni na Mario Party begani, ukaona kwenye televisheni kobe mkubwa kama kiboko wa Ghuba ya Speke, ana pembe, ana miiba mgongoni na nywele nyekundu, usije ukamwamkia. Huyo ni Bowser. Japani wanamwita Kuppa, jina ambalo Shigeru Miyamoto, aliyemtunga kwa ajili ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, alilitoa kwenye chakula cha Kikorea, wali uliotiwa ndani ya mchuzi. Na mtu aliyepewa jina la chakula usitegemee atakula cha kwake.

Mchezo wenyewe, Mario Party, ni binamu wa ludo. Watu wanne, dadu, na nyumba za kupita. Unakusanya sarafu, sarafu zinanunua nyota, mwenye nyota nyingi ndiye mshindi. Kila raundi ikiisha mnashindanishwa kamchezo kafupi, kisha mnarudi ubaoni. Kampuni ya Hudson Soft iliutengeneza wa kwanza kwa ajili ya Nintendo 64, ukatoka Japani Desemba 1998, na tangu siku hiyo Bowser hajakosa shughuli hata moja. Ila kazi hubadilisha. Hapo ndipo wageni wanapoumia: wanamzoea kwenye kazi hii, anawatokea kwenye ile.

Ya kwanza ni uchuuzi. Kwenye ubao wa keki ya binti mfalme Peach unalipa sarafu, unachagua mbegu, na mbegu inaamua njia yako. Nyingi zinakupeleka kwenye nyota. Moja inakupeleka kwa Bowser, naye anakuuzia kipande cha keki yake kwa sarafu 20. Huulizwi kama una njaa. Mfikirie mpiga debe aliyekwisha pakia begi lako kabla hujasema unakwenda wapi, utakuwa umemwelewa.

Ya pili ni utawala, na hapa naomba tukae kidogo. Zipo nyumba zenye sura yake. Ukikanyaga mojawapo, anatokea, anaunguruma, na adhabu inachaguliwa kwa bahati nasibu. Mara nyingi anachukua sarafu akaenda zake. Akikuta huna hata moja, huwa anakuhurumia akakupa chache, kitendo ambacho sijawahi kukiona kwa mtoza ushuru yeyote mwenye miguu miwili. Lakini ipo adhabu inayoitwa Mapinduzi ya Bowser. Anakusanya sarafu za wachezaji wote wanne, anazichanganya, anawagawia sawasawa.

Kwa majirani wa Butiama, alikozaliwa Mwalimu mwaka 1922, haya si mageni. Azimio la Arusha tumelijua kabla ya kobe huyu kuzaliwa. Lakini usiku mmoja tuliucheza, kwenye mashine ya zamani ambayo mpwa wangu ameirithi kwa baba yake, yeye alikuwa na sarafu 90, mimi 40, dada yangu 8, na mama, aliyekuwa akishika pedi kwa mara ya kwanza maishani, 2. Mapinduzi yakaja. Kila mtu 35. Mpwa wangu aliruka kutoka kwenye mkeka akisema huo ni wizi. Mama aliuliza huyu kobe ni wa ukoo gani, maana ana malezi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujauliza kama Bowser ni mbaya, tazama kwanza uko nafasi ya ngapi.

Tahadhari ndogo ya kiafya. Katika mchezo huo wa kwanza kuna kuvuta kamba, mtu mmoja dhidi ya watatu, na nguvu yako inatokana na kuzungusha kile kijiti cha pedi haraka uwezavyo. Watoto Marekani walikizungusha kwa viganja mpaka wakatoka malengelenge. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaingilia, na mwaka 2000 Nintendo ikakubali kuwapa wateja glavu. Wavuvi wetu wanaovuta nyavu usiku kucha mikono mitupu wamesimuliwa habari hii mara tatu na bado wanadhani nawatania.

Mwaka 2015, kwenye Mario Party 10, wakaja na jambo la hatari zaidi: Bowser akapewa mtu. Wanne wanapanda gari moja, wa tano anashika pedi kubwa yenye skrini, anakuwa kobe, anawafukuza mpaka mioyo yao iishe. Mpwa wangu anasema kwao pedi hiyo hapewi kamwe mtu mpole. Wapole wana akiba.

Halafu akastaafu ubaya, au ndivyo alivyodai. Super Mario Party ya Oktoba 2018 ilimweka kwenye orodha ya wachezaji kama mtu mwingine yeyote, akiwa na dadu yake binafsi: nyuso mbili zinakula sarafu zako tatu tatu, moja inakupa hatua 1, zilizobaki 8, 9 na 10. Ni dadu ya mtu aliyekopa bodaboda. Mwaka 2021 kwenye Mario Party Superstars akarudi kazini, mbaya kama zamani. Mwaka 2024, Super Mario Party Jamboree, akawa mchezaji tena, na kwa kuwa nafasi ya ubaya haiwezi kubaki wazi, ikakaimiwa na Bowser bandia. Kaimu huyo ni mkali kuliko mwenye cheo, kama ilivyo kawaida ya makaimu. Kuna mtindo wa kuchezea mtandaoni ambao watu wanane huungana kumkabili yeye peke yake.

Sasa unamjua, na ukimwona unaweza kutetemeka kwa ufahamu. Mimi nilifanya hivyo. Raundi chache baada ya yale Mapinduzi nilikuwa na nyota moja, na macho yangu yote yalikuwa kwenye nyumba yenye sura ya kobe, hatua nne mbele, nikihesabu dadu kama anayehesabu rejesho la kikoba. Sikuuliza yule mzimu mweupe, Boo, alikuwa akifanya nini pembeni ya ubao. Boo haungurumi. Unampa sarafu 50, anakuuliza nyota ya nani, anakwenda kuichukua.

Sarafu 35 za mama zilikuwa zimefika 51. Alimnong'oneza mpwa wangu jina langu, kisha akanigeukia akaniuliza kama kuku nimeshawafungia.