Kununua Taji Lililotembea

Toyota Crown ni sedani ya heshima iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1955. Huko kwao imebeba mameneja, polisi wa doria na abiria wa teksi, na ikifika Dar es Salaam huwa imekwisha kustaafu kazi hizo zote. Hapo ndipo huanza kazi yenyewe. Toleo ambalo madalali wa mjini hawaishi kulitaja ni la 2003 hadi 2008, maarufu kwa jina la Zero Crown, lenye injini ya V6 ya lita 2.5 au 3.0 na viti ambavyo mtu akivikalia mara moja hutia saini kabla ya kusoma.

Sababu ya gari hili kupatikana kwa bei isiyofanana na umbo lake iko Japani. Gari jipya la huko hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama za kumfanya mwenye mali aone heri aliuze. Linaingia mnadani, linapanda meli, linashuka bandarini. Kenya hailipokei likizidi umri wa miaka minane. Tanzania hulipokea, kisha humkabidhi mwagizaji karatasi ya kodi yenye ushuru wa uchakavu, juu ya ule mkubwa zaidi unaotozwa injini inayozidi cc 2,000. Anayeijumlisha karatasi hiyo mara mbili na kupata jibu lilelile hugeukia gari la mkononi, yaani lililokwisha sajiliwa na kutumiwa hapa hapa nchini.

Umri wa gari la mkononi hutajwa kwa herufi ya namba yake ya usajili: namba C, namba D, namba E. Herufi hiyo husema gari lilisajiliwa lini nchini, haisemi lilizaliwa lini. Crown ya 2004 yenye namba E ni babu aliyepata kitambulisho cha taifa juzi. Kitambulisho ni kipya, magoti ni yaleyale.

Kinachozua ubishi mrefu kuliko vyote ni kilomita. Magari mengi kwenye yadi na chini ya miembe husoma kati ya 70,000 na 95,000, kana kwamba mita za Japani zimekatazwa kuvuka laki. Gari la miaka kumi na minane lenye kilomita 80,000 lingekuwa limetembea kama kilomita 12 kwa siku, umbali ambao mkazi wa Mbagala huumaliza akienda Posta tu, kurudi hajarudi. Kwa mstaafu wa kijijini Japani jambo hilo linawezekana. Kwa gari lililokaa Dar es Salaam miaka tisa, linahitaji imani.

Mita hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Visivyorudi nyuma ni mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, kitufe cha kioo cha dereva na ule ukingo wa kiti anaouburuza dereva kila akishuka. Mita ikisema 80,000 na pedali imelika mpaka chuma kinachungulia, pedali ndiyo ya kuaminiwa, kwa sababu haina kamisheni. Tairi nazo zina ushahidi wao: tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwa mfano 3519, ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji anayesifu tairi "mpya kabisa" husomewa tarakimu hizo kwa sauti ya upole, kisha mazungumzo ya bei huendelea.

Kwa hiyo Crown inayokiri kilomita 240,000, sawa na kuizunguka dunia kwenye ikweta karibu mara sita, mara nyingi ni bora kuliko ya 80,000 isiyo na kielelezo. Mwenye 240,000 zake aghalabu ana pia bahasha ya risiti: oili ilibadilishwa lini, plagi lini, giaboksi ilihudumiwa lini. Bahati mbaya gari hilo haliuziki. Mnunuzi huchungulia mita, hushtuka, hulipita bila hata kufungua mlango, na jioni yake huonekana mtaa wa pili akilipia lile lililomdanganya kwa adabu.

Dalali wa magari ana msamiati wake, na mnunuzi hana budi kuujua kabla ya kutoka nyumbani. "Halijaguswa" maana yake halijapakwa rangi upande unaoonekana kwenye picha. "Mama mtu mzima, analiendea kanisani tu" ni maelezo yanayozua swali la kanisa hilo liko mkoa gani, hasa ukikitazama kiti. "Mwenyewe anasafiri" husemwa juu ya mtu ambaye amekuwa akisafiri tangu mwaka juzi na bado hajapata ndege. "Maongezi yapo" humaanisha kwamba maongezi hayo yameshaongezwa kwenye bei. "Ni kuwasha na kuondoka" ni kweli tupu, kwani haigusi habari za kufika. Na "hiyo ni taa tu" hutamkwa kuhusu taa ya injini, na bei ya taa tu hujulikana kwa wauza spea wa Gerezani.

Taa hiyo ina somo lake. Swichi ikifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa zote za dashibodi hutakiwa kuonekana kwanza, kisha kuzimika. Taa ya injini isipoonekana kabisa, gari halijapona. Taa ndiyo iliyonyamazishwa.

Gari hukaguliwa likiwa baridi. Mnunuzi akifika saa tatu asubuhi na kukuta boneti lina joto, kuna mtu amemwamsha mgonjwa mapema ili asikohoe mbele ya wageni. Injini ya lita 2.5 ya Crown hizi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipati nafasi ya kuziosha vali za kuingizia hewa. Masizi hujijenga hapo miaka nenda miaka rudi, mpaka gari likisimama kwenye foleni hutetemeka kama lina homa ya malaria. Moshi nao husoma habari: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokatika ni maji yaliyoingia pasipowahusu. Injini iliyooshwa ikang'aa kuliko rangi ya gari haipaswi kumfurahisha mtu. Mwenye injini isiyovuja haioshi siku ya kuuza.

Wapo wanaokwenda kukagua na ukoo. Shemeji hupiga tairi teke, mjomba huuliza linakula mafuta kiasi gani, jirani hupiga honi na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na katika watu saba hao hakuna aliyelala chini kutazama bushi. Fundi mmoja wa kuaminika huwatosha wote, kwa sharti moja: asiwe ameletwa na dalali, kwa sababu fundi aliyeletwa na dalali ni dalali wa pili mwenye spana. Fundi anayeshauri mkanda wa taimingi wa injini hii ubadilishwe haraka naye aagwe kwa heshima. Injini hii inatumia cheni.

Tahadhari ya pekee inahusu Crown Majesta, kaka mkubwa wa ukoo huu, ambaye toleo lake la miaka hiyo lina V8 ya lita 4.3 na hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi. Mifuko ikichoka, gari huegeshwa jioni likiwa wima na hukutwa alfajiri limepiga magoti kama ngamia. Muuzaji mwenye kipaji husema limeshushwa kimichezo.

Makosa makubwa zaidi hufanywa kwenye hesabu. Gari la heshima hushuka bei, lakini spea zake hazikupewa taarifa. Mtu aliyekuwa na fedha za Toyota IST akapata Crown kwa fedha hizohizo huamini amewapiga bao wenzake, mpaka siku ya sevisi ya kwanza: plagi sita badala ya nne, koili sita badala ya nne, oili lita sita hivi. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, sindano ya mafuta hushuka huku gari limesimama. Ndiyo maana baadhi ya Crown huonekana Jumapili tu, zikienda harusini, na siku za kazi wenye nazo huonekana kwenye mwendokasi wakiwa wamevaa funguo kidoleni.

Nyaraka hazihitaji maneno mengi. Jina lililo kwenye kadi ya gari lilingane na la anayepokea fedha. Deni la faini za barabarani litafutwe kwa namba ya gari, maana hulifuata gari. Na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA siku hizohizo, usiachwe kwenye "tutamalizana".

Baada ya hapo hubaki kuzoeana. Redio ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni nyingi za Dar es Salaam ziko juu ya hapo, kwa hiyo mwenye gari hufunga kidude cha kubadili masafa au huimba mwenyewe. Mengi ya magari hayo pia yana sauti ya dada ambayo, kila swichi ikifunguliwa, hutoa tangazo refu kwa Kijapani. Wapo wanaoamini anawasalimia, na wapo wanaoitikia. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijaingizwa. Kumnyamazisha ni kazi ya dakika chache kwa fundi umeme wa magari. Wengi hawamnyamazishi.