Kikomo

Muhula umeanza, na mhadhiri wa kalkulasi ametusomea masharti ya kozi kwa sauti ya msoma wosia. Mahudhurio ni lazima. Basi karatasi ya sahihi inazunguka ukumbini, na ikirudi mbele ina majina mia mbili ya watu themanini. Mhadhiri, daktari wa hisabati, anaikunja na kuitia mfukoni bila kuhesabu.

Majaribio alama 40, mtihani wa mwisho 60. Simu isionekane. Mwenye shida amwone ofisini Jumatano saa nane mchana, saa ambayo mlango huwa na kufuli. Hapo kufulini ndipo nilipoielewa mada ya kwanza, kikomo: kitu unachokikaribia, ukazidi kukikaribia, usikifikie.

Sharti la wino mzito ni la kudesa. Ukinakili kazi ya mwenzako, sifuri nyote wawili. Haya. Ila wenye somo lao, Newton na Leibniz, waligombana miaka na miaka juu ya nani alimdesa nani. Leibniz ndiye aliyetangulia kuchapisha, 1684. Mwaka 1712 Royal Society ya London ikaunda kamati ya kuamua. Rais wa chama hicho? Newton. Na ripoti iliyompa Newton ushindi aliiandika, kimyakimya, Newton. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Nikamuuliza mhadhiri kama na wale wangepata sifuri wote wawili. Kanijibu nimwone Jumatano, saa nane.