Nyumba Iliyotufuata Salala

Sisi tuliozaliwa Unguja na kuzeekea Maskati tuna maradhi yetu ambayo matabibu hawajayapa jina: ufikapo mwezi wa Julai, joto likapanda hata kuvuka digrii 40, na vitasa vya milango ya gari vikawa havishikiki ila kwa ncha ya kanzu, pua zetu huanza kunusa mvua iliyo mbali. Mvua hiyo iko Salala, masafa ya kilomita 1,000 hivi upande wa kusini, ambako kuanzia mwisho wa Juni hata mwisho wa Septemba pepo za kusi, zile zile walizozitegemea mabaharia kurejea Arabuni kutoka pwani yetu, hupandisha ukungu na manyunyu juu ya milima ya Dhofari, na nchi iliyokuwa kahawia kama biskuti ikageuka kijani kwa muda wa wiki chache. Watu wale wale ambao Unguja walikuwa wakiilaani mvua kwa kuwaloweshea nguo kambani, hapa hulikata jangwa zima ili wakaloweshwe nayo.

Kwa miaka mingi mimi nilikwenda kama waendavyo watu wenye akili timamu, na mkoba mmoja, nikapanga chumba. Fitina ililetwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwema na mcha Mungu, mwenye ila moja tu, nayo ni kwamba hawezi kuona kitu kikubwa kinauzwa kwa bei ndogo akakiacha kilipo. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili alinipigia simu nitoke nje, nami nilipotoka nilikuta mbele ya mlango wangu tela la nyumba, refu mita 7, jeupe, lenye vitanda vinne, jiko, makabati, na msala mdogo ambao mtu mwenye kitambi sharti akate shauri mapema kama ataingia kwa mbele au kwa nyuma. Alikuwa amelinunua kwa bwana mmoja ambaye, alinieleza kwa furaha, hakutaka hata kuvutana naye juu ya bei. Jambo hilo mimi lilinitia wasiwasi. Yeye lilimzidishia imani.

"Shemeji," aliniambia, akilipapasa tela ubavuni kama mtu apapasaye ng'ombe wa maziwa, "mwaka huu hatubembelezi chumba cha mtu."

Basi tukaanza kupanga, na mipango ya safari ya siku tatu ikatwaa miezi mitatu. Kila Ijumaa baada ya sala tulikutana barazani kwangu, ramani imetandazwa mkekani, pembe moja imekandamizwa kwa dele la kahawa na ya pili kwa sahani ya halua, hata leo nikiifungua ramani ile mji wa Haima hausomeki kwa samli. Rai ya shemeji ilikuwa kwamba njia iliyonyooka ni ya watu wasio na tela. Sisi, maadamu tuna nyumba yetu, tupande kwanza Jabal Akhdar, tulale usiku mmoja katika uwanda wa Saiq ulioinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, ndipo tuteremke, tupite Nizwa na Adam, tulikate jangwa hadi Thumrait, tuvuke milima ya Dhofari na kuingia Salala. Alipenda kutukumbusha habari za Bertram Thomas, yule Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, ambaye alitoka Salala mwezi wa Desemba 1930 akalivuka Rub al-Khali hata akatokea Doha mwezi wa Februari. Nami kila mara nilimjibu kwamba Thomas alikwenda na ngamia, na ngamia afikapo mahali pasipopitika husimama mwenyewe.

Mama mkwe wangu, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa na ambaye hakuna safari ya ukoo iliyokwisha kufanywa bila ya idhini yake, hakushughulika na ramani. Alisikiliza Ijumaa mbili, na ya tatu akatoa orodha yake: mbuzi ya kukunia, kinu na mchi wake, kifumbu, na nazi 60.

"Bi Mkubwa," nilimwambia kwa adabu, "Salala ndiko kuliko na minazi. Nazi zinauzwa njiani kama karanga."

"Za Salala sizijui," akajibu, na shauri likafungwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari. Nimekuwa karani wa hesabu miaka 31, na sikuona kwa nini tela linishinde. Kanuni ya kukokota ni nyepesi kuieleza: katika kila kilo 100 za tela lililokwisha kupakiwa, kilo 10 hata 15 ziwe zimeegemea gari, juu ya kile kitufe cha chuma kinachofungiwa tela, zikipungua, pua ya tela huwa nyepesi na mkia ndio huwa wenye amri. Tela letu lilikuwa la tani 2, kwa hiyo nilihitaji kilo 200 au 300 mbele, nami nilipima kila sufuria kwa mizani ya kuogea, nikaandika, nikajumlisha, nikapiga mstari chini kwa wino mwekundu. Kinu cha Bi Mkubwa nilikipinga mara tatu kwa hoja za uzito, nikashindwa mara tatu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka usiku wa kuamkia safari, ambapo nililala.

Mambo ya Jabal Akhdar yalikwisha saa nne ya asubuhi, palepale chini ya mlima, katika mji wa Birkat al-Mawz, ambao jina lake kwa Kiswahili ni birika la ndizi. Hapo pana kizuizi cha polisi, na magari yanayoruhusiwa kupanda ni yale tu yavutayo kwa magurudumu yote manne. Askari, kijana mwenye heshima nyingi, alilizunguka gari letu akaridhika, akalizunguka na tela, jambo lililomchukua muda mrefu zaidi, kisha akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi atakaye kuelimishwa, "Na hii nayo, ami, inavuta kwa yote manne?" Shemeji alipomweleza kwamba hii haivuti, bali yenyewe huvutwa, kijana aliitazama barabara ilivyosimama kuelekea mawinguni, akatutazama na ndevu zetu nyeupe, akasema Mungu atupe umri mrefu, ila tugeuze.

Asiyepata kurudisha tela nyuma hajui kwamba mna humo ilimu iliyopinduliwa, ambayo ndani yake kulia ni kushoto, haraka ni kuchelewa, na msaada ni balaa. Ukitaka mkia wake uende kulia, usukani uupeleke kushoto. Ukiuona umekubali, umekwisha kuchelewa, kwani sasa umezidi na gari na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Shemeji alisimama nyuma akinielekeza kwa kulia kwake, ambako kwangu kulikuwa kushoto, na ambako kwa tela kulikuwa kulia tena, hata nadhani mara moja au mbili alisema kweli kwa bahati. Mke wangu aliniombea dua kimyakimya. Bi Mkubwa alifungua kioo na kuniamuru nisimame, niende, nisimame, kama nahodha anayekiingiza chombo gatini. Nyuma yetu magari 11 yalingoja, na waliomo wote, Waarabu, Wahindi na Waswahili, waliteremka kila mmoja na rai yake. Baada ya dakika 40 askari yule aliniomba radhi, akaketi mahali pangu, akashika usukani kwa mkono mmoja tu, sehemu ya chini, ambapo kumbe mkono uendako ndiko na mkia wa tela uendako, akaligeuza kwa hatua tatu. Nilimshukuru, ingawa si kwa moyo wote.

Kutoka Adam barabara hunyooka kama uzi wa mwashi, na hapo ndipo lori la mafuta lilipotupita kwa kasi. Kwanza nilihisi kitu kama mtu anaushika usukani pamoja nami. Kisha katika kioo nikaliona tela likichungulia upande huu, likatoweka, likachungulia upande wa pili, kila safari limesogea zaidi, kama mkia wa papa aliyevuliwa. Wajuzi wa jambo hili husema dawa yake ni kutokanyaga breki kwa nguvu wala kuongeza mwendo, bali kuushika usukani sawasawa na kuuondoa mguu taratibu kwenye petroli. Mimi niliifuata dawa hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu mguu ulikuwa umekufa kwa hofu.

Tuliposimama kando, katika jua ambalo lilikuwa kama limeshushwa chini kidogo kwa ajili yetu, nilifungua mlango wa nyuma wa tela nikakuta madumu 10 ya maji, kila dumu la lita 20, yamepangwa vizuri ukutani karibu na msala.

"Nilijaza jana usiku," akasema shemeji. "Jangwani hapachezewi, shemeji. Nikaona yakae karibu na haja."

Lita ya maji ni kilo. Kilo 200 mkiani, na mimi nina daftari lenye mstari mwekundu! Sikusema neno, kwani huyo ni kaka wa mke wangu na mke wangu alikuwa pale pale. Tulihamisha dumu moja baada ya moja, jasho likitutiririka hata visigino, na yalipokwisha kuhamishwa pua ya tela bado ilikuwa nyepesi kidogo kwa jinsi nilivyoona. Kilichobaki kizito na cha kuchukulika kilikuwa ni kinu. Nilikibeba mwenyewe, nikakisimamisha mbele kabisa, mchi ndani yake, na nazi zote 60 kandokando. Tangu hapo tela lilitufuata kwa utulivu wa mbuzi aliyefungwa kamba, na Bi Mkubwa hakusema lolote kwa muda wa kilomita 100. Kisha akasema, akiangalia nje dirishani, "Mtu akiwa karani hudhani kinu ni cha kutwangia tu."

Nchi ya Jiddat al-Harasis sina la kuieleza zaidi ya kwamba ni bapa, na kwamba ikikwisha huanza tena. Huko ndiko ilikokuwa ile hifadhi ya choroa iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994 na kutolewa mwaka 2007, ya kwanza ulimwenguni kufutwa, baada ya kupunguzwa kwa asilimia 90 na choroa kuwindwa hata wakasalia wachache. Niliposimulia habari hizo garini, Bi Mkubwa aliuliza ni choroa gani huyo aliyekosa adabu kiasi hicho.

Kabla ya kufika Haima, ambayo iko takriban nusu ya njia, tulisimama kupoza matairi, na shemeji akapima upepo, akaona umezidi ule wa asubuhi, akachuchumaa na kijiti ili aupunguze. Alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa jangwani hupunguza upepo. Nilimkamata mkono. Hiyo ni habari ya mchanga, ambamo tairi lililolegea hupanuka na kutembea juu juu. Ama katika lami, joto lenyewe ndilo lililoupandisha upepo, na mwenye kuupunguza tairi likiwa moto hulifanya lijikunje zaidi, lizidi kuwaka, hata lipasuke. Tulibishana kwa heshima kwa muda wa nusu saa, na katika muda huo matairi yalipoa na upepo ukashuka wenyewe. Kila mmoja wetu aliingia garini ameshinda.

Haima tulilala. Siwezi kusema tulilala ndani ya tela, kwani tela bila ya umeme, baada ya kupikwa kutwa nzima na jua, lilikuwa tanuri la kuokea mkate. Tulitandika mikeka yetu chini nje yake, watu wanne walioivuta nyumba nusu ya nchi ili wapate kulala ubavuni mwake.

Thumrait tuliipita siku ya pili alasiri, na kilomita chache kabla ya ukingo wa milima jua lingali likituchoma kama kawaida. Kisha, ghafla, kama mtu aliyevuta pazia, ukungu. Vioo vikalowa, kijani kikatokea kando ya njia, ng'ombe wakasimama katikati yake kama wenye nyumba, na barabara ikaanza kuteremka kwa mikunjo kuelekea bahari ambayo hatukuiona. Niliingiza gea ndogo ili injini ndiyo izuie, nikajitahidi kutoing'ang'ania breki. Lakini mtu ambaye tani 2 zinamsukuma mgongoni ndani ya wingu hujitahidi kwa kiasi chake. Harufu ilipoanza kupanda, shemeji, ambaye kote njiani alikuwa akitusifia ubani wa Dhofari, alivuta pumzi kwa kuridhika.

"Hiyo si ubani, mwanangu," akasema Bi Mkubwa.

Tulisimama mara mbili breki zipoe, na tukafika chini usiku wa manyunyu, mahali penye mashamba ya minazi na migomba. Kambi tuliyoikusudia ilikuwa na lango, na lango lilitaka kuingiwa kwa kurudi nyuma. Nilizima gari papo hapo kando ya njia, nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni, na hakuna aliyethubutu kuniomba. Ili tupate nafasi ya kulala ilibidi nazi zote zitolewe nje, zikapangwa chini mlangoni.

Asubuhi niliamshwa na sauti za watu. Kumbe usiku ule tulikuwa tumeegesha katika safu ya vibanda vya wauza matunda, baina ya mzee wa mapapai na kijana wa ndizi, na magari ya wageni yalikuwa yakisimama kwetu pia. Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi yake, kanga imemfunika kichwa kwa manyunyu, na katika zile nazi 60 zilikuwa zimebaki 22. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya majirani wote wawili, kwa sababu zake, aliwaeleza wanunuzi, hazikuwa za hapa hapa, zimetoka Maskati.