Yah: Pongezi kwa Kamati ya Ubora kwa Kutotuuliza

Mwenyekiti,
Kamati ya Ubora wa Huduma,
Kliniki ya Moyo (hospitali mnaijua wenyewe).

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Zamani tuliitwa wagonjwa, lakini tangu mlipobandika Mkataba wa Huduma kwa Mteja pale mapokezi, sote tumepandishwa cheo. Moyo wangu umetanuka. Daktari anasema chanzo ni presha wala si ukarimu. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa benchi la Jumanne, tunaofika kabla jua halijachomoza ili tupate namba, kuwapongeza kwa jambo moja kubwa: miaka yote hii mmeweza kutibu mioyo bila kuyachafua mafaili kwa maneno ya wenye mioyo.

Faili langu ni nene na safi. Lina majibu ya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, lina karatasi ya umeme wa moyo yenye milima na mabonde yake, lina picha ya kifua, vipimo vya figo, uzito na presha za kila nilipokuja. Nguvu ya moyo wangu kusukuma damu imeandikwa kwa asilimia, na chini yake pana mhuri. Sina ugomvi na mashine. Bila eko wengi wetu tungekuwa bado tunatibiwa pumu kama tulivyotibiwa mwanzoni. Ila nyinyi mmegundua kwamba mkishaijua asilimia, hakuna haja tena ya kujua kama mwenye asilimia hiyo anaweza kuvaa suruali bila kuketi kitandani apumzike katikati ya mguu wa kwanza na wa pili. Kwenye benchi letu wapo wawili wenye namba moja ya eko. Mmoja anaamka alfajiri kuchoma vitumbua na kuvitembeza mtaani. Mwingine anapanda bodaboda kutoka mlangoni kwake hadi dukani, na duka analiona akiwa barazani. Kwenye mafaili yenu hawa ni mapacha.

Nasikia mtasema, "Lakini daktari huuliza." Ni kweli, huuliza. Kijana ana adabu, hunisalimu kwanza: "Shikamoo mzee. Unaendeleaje?" Nami niliyelelewa najibu, "Marahaba. Naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Mtu wa kwetu hata akiwa juu ya machela atasema hajambo kwanza; ugonjwa huja kwenye sentensi ya pili. Mfumo wenu unaishia sentensi ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo tena, kalamu imeshaandika: anaendelea vizuri, dawa zilezile, arudi baada ya miezi mitatu. Simlaumu yule kijana. Benchi limetoka nje ya korido mpaka kwenye mwembe, na yeye ana mikono miwili.

Wala sisemi kwamba hospitali haijali maoni. Pale dirisha la dawa mmetuwekea kimashine chenye nyuso tatu: inayocheka, isiyo na habari, na iliyonuna. Jumanne moja nilimtazama mtoto mmoja, pengine wa miaka mitatu, akiwa mapajani kwa mama yake, akibonyeza uso unaocheka kwa sababu ulikuwa wa kijani na ulikuwa unalia "ti!" kila ukiguswa. Alibonyeza kwa muda wote ambao mama yake alisubiri dawa, na dawa ilikuwa imekwenda kutafutwa stoo. Miezi michache baadaye bango likabandikwa: wateja wa kliniki ya moyo wameridhika kwa kiwango cha juu. Namwombea mtoto yule maisha marefu. Ndiye aliyejaza taarifa ya mwaka.

Na hata angebonyeza mtu mzima, uso ule unauliza nini? Usafi, lugha ya wahudumu, muda wa kusubiri. Mambo mema hayo. Lakini mtu anaweza kuridhika na tabasamu la mapokezi huku usiku analala ameketi kwenye kochi, maana akilala chali anazama. Hilo halina uso.

Niruhusuni niwatobolee siri moja ya benchi. Siku ya kliniki hakuna anayemeza kidonge cha kukojoza. Hakuna. Mtu anayetoka Mbagala au Chanika alfajiri, amesimama kwenye daladala, foleni haisogei, hawezi kumeza kitu kitakachomfanya amwombe kondakta msala kila kituo. Kidonge kinabaki kwenye mkoba, kitamezwa jioni. Kwa hiyo nyinyi mnatupima, kwa uangalifu mkubwa na kwa mashine za fedha nyingi, siku ileile ambayo hatujameza dawa. Miguu imejaa, mizani imepanda. Daktari anatikisa kichwa, anaongeza dozi. Mama mmoja wa benchi letu, fundi cherehani, aliongezewa hivyo kliniki baada ya kliniki, mpaka nyumbani akawa kila akisimama dunia inazunguka naye anashika ukuta. Akaletwa wodini ameanguka, na kwenye faili ikaandikwa kwamba ugonjwa umeendelea. Swali la "leo umekimeza saa ngapi?" lingetosha. Naelewa kwamba swali hilo halina fungu kwenye bajeti.

Mama huyohuyo hujua maji yanapanda kabla mizani yenu haijaambiwa. Kamba za kandambili zinaacha alama juu ya mguu, kisha kandambili zenyewe zinakataa kuingia. Vitabu vya tiba vinasema mgonjwa akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 apige kelele mapema. Yeye ana kipimo chake mguuni, kinafanya kazi hata umeme ukikatika. Tarehe yake ya kurudi, hata hivyo, ni mwezi wa tisa.

Sasa naomba niwaonye, maana huko nje wenzenu wamepotoka na msije mkaambukizwa. Zamani mambo yalikuwa salama. Mwaka 1928 Chama cha Moyo cha New York kiliwapanga wagonjwa katika madaraja manne, na anayekupa daraja ni daktari, si wewe. Mpango huo bado unatumika dunia nzima. Halafu mwaka 2000 akatokea daktari mmoja wa Kansas City, John Spertus, na wenzake, wakachapisha dodoso la maswali 23 ambalo mgonjwa hujijazia mwenyewe: wiki mbili zilizopita miguu ilivimba asubuhi mara ngapi, uliweza kuoga, uliweza kupanda ngazi, ulilala umeketi kwa sababu ya pumzi, ungeambiwa ubaki hivi ulivyo maisha yako yote ungejisikiaje. Majibu yanageuzwa kuwa alama, 0 hadi 100. Baadaye likafupishwa likawa la maswali 12, ili asiwepo wa kusema hana muda. Ubaya ukazidi: mwaka 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ikalikubali dodoso hilo kuwa kipimo halali cha kujua kama tiba ya moyo ulioshindwa imemsaidia mtu. Yaani neno la mgonjwa limepewa mhuri!

Uingereza nako hakuna afadhali. Mwaka 2017 watafiti wa huko walichukua watu 200 wanaobanwa kifua. Baadhi wakawekewa kibomba cha kutanua mshipa wa moyo, wengine wakafanyiwa maigizo ya utaratibu huo bila kujua. Kipimo kikuu kilikuwa muda wa kutembea kwenye mashine. Tofauti ya maana haikuonekana, na madaktari wa vibomba wakakosa usingizi. Mwaka 2023 timu hiyo ikarudi na watu 301. Safari hii dawa za kubanwa kifua zilisimamishwa kwanza, na kila siku mgonjwa aliandika kwenye simu yake kifua kimembana mara ngapi. Hapo tofauti ikaonekana: waliowekewa kibomba kweli walibanwa mara chache zaidi. Sitaki kusema ni simu peke yake iliyoleta jibu, maana na dawa zilikuwa zimesimamishwa. Ila oneni walivyojishusha, profesa mzima anasubiri ujumbe wa mzee aliyeketi jikoni kwake.

Najua kuna mjumbe wa Kamati atakayesema maneno ya mgonjwa hayapimiki, leo anasema hivi kesho vile. Mheshimiwa, presha yangu nayo leo inasema hivi kesho vile, na mnaiandika kila mara kwa kalamu nyekundu. Dodoso nalo hujazwa tena na tena, na anayelinganishwa nalo ni mtu mwenyewe na hali yake ya mwezi uliopita. Alama 5 zikipanda au kushuka, wataalamu wanahesabu kwamba maisha ya mtu yamebadilika kweli.

Ikiwa mtapotoka nanyi, Mungu apishe mbali, basi msitafsiri tu maswali ya Kansas City mkatugawia. Ngazi ya ghorofa wengi wetu tunakutana nayo Kariakoo, tukiwa na sababu ya kwenda. Tuulizeni ndoo ya lita 20 tunaibeba kutoka bombani hadi wapi. Tuulizeni kama tunaweza kuchuchumaa chooni tukainuka bila kushika mlango. Na tuulizeni sijida. Mwaka 2014 madaktari wa Dallas waliandika makala kuhusu dalili waliyoipa jina jipya: mwenye moyo ulioshindwa akiinama, ndani ya sekunde 30 pumzi inakata. Walipongezwa sana. Msikitini kwetu imamu anaijua dalili hiyo siku nyingi. Huona nani ameanza kuvuta kiti cha plastiki nyuma ya safu, na humtuma mtu nyumbani kwake jioni kumjulia hali. Imamu hana eko.

Kuna na swali ambalo dodoso la Kansas City halikulionea haya, la mambo ya chumbani. Daktari wangu ni rika la kitinda mimba wangu na ananiita baba. Siwezi kumwambia, naye hawezi kuniuliza, na nesi amesimama pale. Karatasi ingeweza, kwani haina macho. Wapo wazee kwenye benchi letu walioacha vidonge kimyakimya kwa sababu hiyo tu, wakiamini ndivyo vilivyowaharibia. Kwenye faili wameandikwa kwamba dawa hazifanyi kazi.

Jambo la mwisho ndilo linalonipa matumaini kwamba mtabaki kwenye njia yenu. Kuuliza kunaleta kazi. Huko New York wagonjwa 766 wa saratani walifuatiliwa katika utafiti. Saratani si moyo, nakubali, ila sikilizeni. Baadhi yao waliripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta, na dalili ikizidi nesi alipata taarifa akapaswa kuchukua hatua. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kundi hilo liliishi miezi 31 hivi kwa wastani wa kati, na wenzao 26. Mnaona hatari iliyopo? Nesi yule ilibidi anyanyue simu. Tukijaza karatasi na asiwepo wa kuisoma, itakuwa tumeongeza unene wa faili tu, na mafaili yenu yameshaanza kupasuka migongo.

Mkilegea basi, tupeni nusu ukurasa tu tukiwa kwenye benchi. Muda tunao, ni nyinyi mnaotupa bure. Asiyejua kusoma atasomewa na wanafunzi wa uuguzi, ambao kwa sasa kazi yao ni kutuita majina. Karatasi itangulie kwa daktari, ili akisema "unaendeleaje" awe ameshaisoma ile sentensi ya pili. Na aliyeandika kwamba analala ameketi asipangiwe mwezi wa tisa.

Vinginevyo, endeleeni na kazi nzuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja, benchi la Jumanne.

Nakala:
Sanduku la Maoni (ufunguo ukipatikana).
Mlinzi wa getini, ambaye hunitazama nikitoka kituoni na huhesabu nimesimama mara ngapi kuvuta pumzi. Juzi alimfuata nesi akamwambia, "Yule mzee leo hayuko sawa." Akaambiwa arudi getini.