Simba wa Taulo

Unamkabidhi mteja taulo lenye simba, analigeuzageuza, anatabasamu na kusema, "Paka mzuri." Fedheha hiyo haina dawa. Huwezi hata kubisha, maana ukitazama vizuri na wewe unamwona paka, tena mwenye makengeza: jicho moja liko kwa mteja, la pili liko mlangoni, na mdomo umehamia shavuni. Simba huyu yuko kwenye mito ya makochi, kwenye mifuko ya kitenge na kwenye fulana za vikundi, na kila anapotokea lawama humwangukia fundi, au mashine, au uzi wa bei poa. Mimi nasema wa kulaumiwa ni mchoro. Biashara ndogo yenye mashine moja ya kudarizi, na mashine yenyewe ya sindano moja, haina kazi na simba. Ichague jani, korosho, mawimbi mawili matatu au herufi moja kubwa, na wenyewe walale usingizi.

Tuanze na jicho, kwa sababu aibu huanzia hapo. Uzi wa kawaida wa kudarizi, ule wa namba 40, una unene wa karibu milimita 0.4. Sindano inayoupitisha mara nyingi ni namba 75, na namba hiyo haikuwekwa kwa urembo: maana yake ni kipenyo cha milimita 0.75. Yaani tundu ni pana kuliko uzi unaolipita. Sasa chukua simba mwenye mboni ya milimita moja. Mboni hiyo itapata nyuzi mbili, labda tatu zikibanana sana, na matundu yake yatakaribiana hadi yaungane kuwa shimo. Ukali wote wa mfalme wa nyika unatakiwa ukae ndani ya nyuzi mbili! Bado kuna mvuto. Kila mshono unakikaza kitambaa, na mishono elfu kadhaa iliyolala upande mmoja inakivuta kuelekea ndani, hivyo duara lililochorwa kwenye kompyuta linatoka yai. Mstari wa pembezoni, ambao kwa kawaida hushonwa mwisho, hauna habari na hayo. Unapita palepale ulipoamriwa, na kati yake na rangi panabaki ufa mweupe. Ndivyo midomo inavyohama. Wajuzi hupambana na hali hiyo kwa kulinenepesha umbo mapema, kutanguliza mishono ya msingi, kuweka kitambaa kigumu cha kushikilia upande wa nyuma, na kwa taulo kutandaza juu utando laini unaoyeyuka kwenye maji, ili vitanzi vya taulo visichomoze usoni na kumwotesha simba ndevu asizoagizwa. Yote hayo yanasaidia. Lakini ni jasho kubwa kwa ajili ya duara kubaki duara, ilhali jani likivutika kidogo linabaki jani, kwani hata mtini majani hayafanani.

Halafu faili la mchoro si picha, ingawa watu hutuma picha ya simu wakidhani wamemaliza kazi. Faili ni orodha ya amri: nenda hapa, toboa, nenda pale, toboa. Faili la DST, linalosomwa na mashine nyingi, halizijui hata rangi. Linajua tu kusema simama, na mwenye macho abadilishe uzi. Kwenye mashine ya sindano moja, simba wa rangi tisa ni mtu kukaa kitini akisubiri kuitwa. Na anayembana simba mkubwa aingie kwenye fremu ndogo mara nyingi anaibana mishono ileile kwenye eneo dogo, kitambaa kinakauka kama ubao na sindano inakatika.

Hesabu haina upendeleo. Kujaza mraba wa sentimita 10 kwa 10, kwa mistari iliyoachana milimita 0.4 na mshono wa milimita 4, kunahitaji mistari 250 yenye mishono 25 kila mmoja, jumla 6,250, kabla ya mishono ya msingi na rangi zinazopanda juu ya rangi. Jani la mstari mtupu, lenye mzunguko wa sentimita 40 na mshono wa milimita 2.5, ni mishono 160. Ukilirudia mara tatu ili likolee, ni 480. Mashine inayokwenda mishono 600 kwa dakika inalimaliza jani kabla ya dakika moja kwisha. Mraba ule unakula zaidi ya dakika kumi, umeme ukiamua kuwepo.

Watasema mteja wetu anapenda vitu vilivyojaa, na jani tupu ataliita ubahili. Mteja huyohuyo anaiheshimu kofia ya mkono ya Zanzibar au Lamu, ambayo haina mnyama hata mmoja: ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, vikirudiwa kwa mpangilio mpaka kofia inatosha kuvaliwa Idi. Wengine watasema mchoro rahisi huigwa upesi. Kweli, lakini na simba ni faili lilelile ambalo jirani naye amelipakua. Kisichoigwa upesi ni usafi: nyuzi zilizokatwa, nyuma isiyo na vifundo, herufi zisizopungua milimita tano ili bibi harusi aitwaye Neema asipewe taulo linalomwita Nooma.

Ila kuna hoja moja inayonitoa kwenye utani: "Kwani si mashine ndiyo inashona?" Anayesema hivyo amepanda daladala kulifikia duka, na hakumwambia kondakta kwamba injini ndiyo iliyokwenda. Anaagiza sura ya marehemu babu kwa picha ya mtandaoni iliyofifia, anataka bei ya herufi moja, halipi kitu mkononi, na kazi ikishakamilika simu yake haipatikani. Taulo lenye sura ya babu wa mtu halina mnunuzi wa pili. Hasara hiyo haionekani popote, wala haihesabiwi kuwa hasara, kwa kuwa eti ilikuwa mashine tu iliyofanya kazi. Taulo lenye korosho, mwenyewe asipotokea, linarudi rafuni na linauzika kesho.

Kwa hiyo wenye mashine, tozeni kwa idadi ya mishono na muibandike bei ya kila mishono elfu ukutani. Nanyi wateja, mnaotaka wanyama na sura za watu, lipeni nusu kabla kitambaa hakijafungwa kwenye fremu.