Namna ya Kuilaumu Pampu Kitaalamu

Geji ya pampu ya ombwe ikigoma kwenye bari hasi 0.88 bila kufika hasi 1, usijisumbue kufikiri. Mpigie aliyekuuzia, mwambie amekupa kimeo, unataka hela yako kabla ya Ijumaa. Ataanza: "Kaka, hapo Mwanza ziwa lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya bahari. Hewa yenu ni milibari 885 hivi, si 1,013 ya Dar es Salaam. Geji inahesabu kuanzia hewa ya hapo ulipo, kwa hiyo hasi 0.88 ndiyo mwisho wa reli." Mkatie simu. Wauzaji hawaishiwi maneno.

Sasa fungua boliti zote. Kuna watu hutangulia kuchomoa mipira na kuiweka geji kwenye mdomo wa pampu: ikivuta vizuri hapo, pampu ni nzima, tatizo ni mpira uliopasuka au oringi iliyokauka. Kipimo hicho hakimalizi dakika tano, na ndiyo sababu hakina heshima.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi huanza hivi: mwani wa Ghuba ya Mwanza umeziba chujio la maikromita 0.45, tone linashuka kwa mbinde, mchujaji anakwenda kunywa chai. Chujio linabadilishwa, sampuli zinaongezwa, hakuna anayeitazama chupa ya chini inayopokea maji hadi ijae na pampu ianze kunywa ziwa. Wenye mambo mengi huweka chupa tupu ya mtego kati ya chupa hiyo na pampu. Oili ikishalowa, hufunga mdomo wa pampu, hufungua vali ya balasti na kuiacha iungurume nusu saa ili mvuke utoke. Oili isipong'aa, huimwaga ingali ya moto. Wewe kanunue oili ya pikipiki. Viungo vyake vya kulinda injini hugeuka mvuke na kuliharibu ombwe lenyewe, ila bei inapendeza.

Umeme ukikatika, endelea na stori. Usiguse vali ya kuingiza hewa. Kwenye pampu isiyo na vali ya kuzuia oili kurudi nyuma, ombwe litaivuta oili kupitia mpira hadi kwenye sampuli ambayo watu wameileta kwa feri kutoka Ukerewe. Wataelewa, wamezoea kusubiri feri.

Pampu ya fezi tatu ikirudi kutoka kwa fundi inapuliza badala ya kunyonya, usimruhusu mtu abadilishane waya mbili kati ya zile tatu. Jaza nayo upepo kwenye baiskeli ya mlinzi.

Na ikichemka hadi inanuka, usichungulie feni. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku wamejazana humo, na kuwatoa kwa brashi ni kazi ya kushusha hadhi. Ifunike kwa koti lako jeupe, maana vumbi nalo si zuri kwa mashine.